Sodiamu Inaposhuka kwa Mgonjwa wa Ini: Mwongozo kwa Mlezi, Kabla na Baada ya Kupandikizwa

Umepewa karatasi ya majibu ya maabara. Daktari ameizungushia kalamu namba moja: sodiamu 122. Anakueleza kwamba madini ya chumvi kwenye damu ya mgonjwa wako yameshuka. Unarudi nyumbani, iwe Kilakala mjini Morogoro au huko juu Mgeta, na wazo la kwanza linalokujia ni kumwongezea chumvi kwenye mboga. Jirani anakuunga mkono. Mwingine anakushauri utafute mtu wa kumtundikia dripu.

Mama, subiri kwanza. Kwa mgonjwa wa ini, sodiamu ikishuka, mara nyingi chumvi bado imo mwilini, tena nyingi. Kilichozidi ni maji. Ukimwongezea chumvi, tumbo litazidi kujaa. Na dripu ikiwekwa ovyo, sodiamu inaweza kupanda kwa kasi na kuuharibu ubongo.

Makala hii inaeleza kwa nini sodiamu hushuka, kwa nini lazima ipandishwe polepole, na nini cha kuangalia mgonjwa akishapandikizwa ini na kurudi mikononi mwako.

Kwa ufupi

- Sodiamu ya kawaida katika damu ni 135 hadi 145 (milimoli kwa lita). Chini ya 125 ni hali ya kuangaliwa kwa karibu na daktari. Chini ya 120 ni hatari.
- Usimwongezee chumvi, wala usimtundikie dripu, bila daktari anayejua ugonjwa wake wa ini.
- Sodiamu iliyoshuka kwa muda mrefu hupandishwa polepole, kwa siku kadhaa.
- Baada ya kupandikizwa, mgonjwa akibadilika usemi, akishindwa kumeza, akilegea viungo au akichanganyikiwa, ni dharura.
- Dawa za kulinda ini jipya zisikosekane hata siku moja.

Sodiamu ni nini?

Sodiamu ni madini yaliyomo kwenye chumvi tunayopikia. Ndani ya mwili hufanya kazi kubwa: husaidia misuli kujikunja, mishipa ya fahamu kupeleka taarifa, na maji kukaa mahali pake. Seli za ubongo ndizo zinazoumia haraka zaidi kiasi chake kikibadilika.

Ile namba ya kwenye karatasi haipimi chumvi yote iliyomo mwilini. Inapima chumvi ikilinganishwa na maji ya kwenye damu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Chukua mfano wa sufuria ya mchuzi. Umeutia chumvi ukakolea vizuri. Kisha mtu akamimina jagi la maji ndani yake. Ukionja utasema chumvi haitoshi, lakini chumvi uliyoitia bado imo yote humo ndani. Damu ya mgonjwa wa ini huwa hivyohivyo.

Kwa nini hushuka kwa mgonjwa wa ini?

Ini likiumwa kwa miaka, hujaa makovu na kuwa gumu. Hali hii madaktari huiita sirosisi. Miongoni mwa visababishi vyake ni virusi vya homa ya ini B na C, pombe, na kwa watoto, njia za nyongo zilizoziba tangu utotoni.

Damu inayotoka tumboni hupita kwa shida kwenye ini lenye makovu. Presha hupanda katika mishipa ya tumbo, mishipa mingine ya mwili hutanuka, na mwili hudhani kwamba damu imepungua. Figo zikipata taarifa hiyo, huanza kuzuia chumvi na maji visitoke kwa mkojo. Maji huzuiwa zaidi ya chumvi. Ndiyo maana utamwona mgonjwa tumbo limejaa maji na miguu imevimba, huku karatasi ya maabara ikisema sodiamu imeshuka.

Ipo sababu ya pili, na tiba yake ni tofauti. Dawa za kukojosha, kama spironolaktoni na furosemaidi, zikizidi, au mgonjwa akitapika na kuharisha, hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Huyu huwa mkavu: midomo imekauka, mkojo ni kidogo na mzito, akisimama anaona kizunguzungu. Hata sirapu ya laktulosi, ambayo wagonjwa wengi wa ini hupewa ili wapate choo laini mara 2 au 3 kwa siku, ikizidi humharisha mgonjwa hadi akauke.

Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kuwa na sodiamu ileile ya 122, mmoja akahitaji kupunguziwa maji na mwingine kuongezewa. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Daktari huangalia mwili, mkojo, figo na dawa anazotumia ndipo aamue.

Chumvi na maji nyumbani

Kwa mgonjwa mwenye maji tumboni, chumvi yote ya siku nzima kwa kawaida isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni pamoja na chumvi iliyojificha kwenye vyakula. Angalia hivi:

- Magadi. Wengi huacha chumvi ya mezani lakini wanaendelea kutia magadi kwenye maharage au majani ya kunde. Magadi yana sodiamu nyingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake, yataiva upesi.
- Samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Kuwaosha hakuondoi chumvi yote.
- Viungo vya supu vya pakiti na vya vipande. Vingi ni chumvi tupu iliyotiwa ladha.
- Mkate, soseji, bisi na karanga za chumvi.

Chakula kisicho na chumvi kinaweza kuwa na ladha. Kwa bahati nzuri milima ya Uluguru ina viungo: pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu za Kinole na Matombo, pamoja na limao, tangawizi na kitunguu saumu cha kupikia. Tumia kwa kiasi cha kawaida cha jikoni. Lakini kama mgonjwa anagoma kula kabisa kwa kukosa chumvi, mwambie daktari. Mgonjwa wa ini anayekonda yuko kwenye hatari kubwa, na ni afadhali ale chakula chenye chumvi kidogo kuliko kulala na njaa. Mayai, maharage, samaki wabichi, kuku na maziwa yaliyochemshwa vinamfaa. Asilale bila kula kitu usiku, hata kama ni kipande cha kiazi na kikombe cha maziwa.

Maji huzuiwa kwa agizo la daktari tu, mara nyingi sodiamu ikiwa chini ya 125. Akikuambia lita moja na nusu kwa siku, fanya hivi: asubuhi jaza chupa ya lita moja na nusu. Kila mgonjwa anapokunywa kitu chochote, iwe chai, uji, supu, soda au maji ya kumezea dawa, mimina kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, kiasi cha siku kimekwisha. Kwa kiu, mpe kipande cha limao anyonye au asukutue mdomo na kutema.

Nunua daftari. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula, mpime uzito na uandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa wiki moja, maji yanaongezeka. Ukishuka zaidi ya kilo 1 kwa siku, dawa za kukojosha zinaweza kuwa zimezidi. Vyote viwili mjulishe daktari.

Dalili za sodiamu kushuka

Ikishuka taratibu, mwanzoni huenda usione kitu. Kisha mgonjwa huchoka, husikia kichefuchefu, kichwa humuuma, misuli hukaza, huyumba akitembea na kuanguka bila sababu. Anasahau. Analala mchana na kukesha usiku. Ikishuka sana huweweseka, hupata degedege na hupoteza fahamu.

Dalili hizi hufanana na zile za sumu za mwilini kupanda hadi ubongoni ini linaposhindwa kuzichuja, na mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja. Wapo watakaokuambia amepandwa na mashetani au ametupiwa kitu. Maombi yana nafasi yake, lakini mgonjwa wa ini anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka anahitaji kupimwa damu siku hiyohiyo.

Njia rahisi ya kumfuatilia: mwambie aandike jina lake kwenye daftari kila asubuhi. Mwandiko ukianza kupinda na kuvurugika, umepata onyo kabla hajaanza kuweweseka.

Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima sodiamu. Ukiwa Nyandira, Bunduki au Kolero, omba rufaa mapema ya kwenda hospitali yenye maabara, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Msisubiri usiku na mvua, mnajua barabara za mlimani zilivyo wakati wa masika.

Kwa nini ipandishwe polepole?

Hapa ndipo penye hatari ambayo familia nyingi hazijawahi kuisikia.

Sodiamu ikishuka kwa zaidi ya siku mbili, seli za ubongo hujirekebisha ili zisivimbe kwa maji. Zinatoa nje baadhi ya vitu vilivyomo ndani yake na kuzoea hali mpya. Sasa sodiamu ya damu ikirushwa juu ghafla, maji hunyonywa kutoka kwenye seli hizo kabla hazijapata muda wa kujirudishia vile ilivyovitoa. Zinasinyaa, na utando unaozunguka nyuzi za fahamu unaharibika. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1959, na wagonjwa wenye utapiamlo, waliokunywa pombe kwa muda mrefu na wenye ini bovu ndio wako hatarini zaidi.

Madhara hayaonekani siku hiyo. Mgonjwa anaweza kuamka vizuri, hata akacheka, na familia ikafurahi kwamba dripu imemsaidia. Siku 2 hadi 7 baadaye anaanza kuongea kwa kukokota ulimi, anapaliwa akimeza, mikono na miguu inalegea. Wengine hupona kwa miezi ya mazoezi, wengine hubaki na ulemavu, na wengine hufa.

Kwa sababu hiyo, kwa mgonjwa wa ini madaktari hujitahidi sodiamu isipande zaidi ya 8 ndani ya saa 24. Ikiwa leo ni 118, kesho isizidi 126. Daktari akikuambia tunampandisha polepole, au akirudia kipimo kila baada ya saa chache, usidhani anamchelewesha. Anaulinda ubongo wake.

Dripu ya kawaida ya maji ya chumvi ina sodiamu 154 kwa lita. Ndiyo maana haifai kutundikwa nyumbani au dukani kwa mgonjwa huyu. Muuzaji wa duka la dawa muhimu anaweza kuwa mtu mwema na jirani yako, lakini hana mashine ya kupima sodiamu kila baada ya saa chache.

Kupandikizwa ini: safari ya mgonjwa wa Morogoro

Ini likishindwa kabisa, tiba inayobaki ni kupandikizwa jingine. Upasuaji wa kwanza wa aina hii kwa binadamu ulifanywa na Dkt. Thomas Starzl huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka alipasuliwa mwaka 1967. Tanzania ilianza kupandikiza figo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Kwa ini, safari ya Watanzania wengi huelekea nje ya nchi, hasa India.

Huko, mara nyingi ini hutoka kwa ndugu aliye hai. Hukatwa sehemu tu, na ini la aliyetoa pamoja na lile lililopandikizwa hukua ndani ya miezi michache. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, huwataja ndugu wa karibu: mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Familia za Kiluguru zijue kwamba mjomba, ambaye kwetu ni mzazi kamili na mwenye sauti katika ukoo wa mama, hayumo kwenye orodha hiyo. Akitaka kujitolea, ombi lake litachunguzwa zaidi. Wekeni vikao mapema na andaeni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vinavyothibitisha undugu.

Sodiamu ina uzito katika uamuzi huu. Kuanzia mwaka 2016, Marekani huihesabu katika alama za kupanga nani apate ini mapema, kwa sababu mgonjwa mwenye sodiamu ya chini yuko karibu zaidi na kifo kuliko mwenzake mwenye ini baya kama lake lakini sodiamu nzuri. Wakati wa upasuaji, damu na maji anayoongezewa yana sodiamu nyingi, hivyo aliyeingia na 120 anaweza kutoka na 135 ndani ya saa chache. Hiyo ndiyo sababu madaktari wakati mwingine huahirisha upasuaji siku kadhaa ili waipandishe kwanza taratibu. Msikate tamaa tarehe ikisogezwa.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji

Mgonjwa huamkia chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mirija mingi. Damu hupimwa mara nyingi kwa siku: sodiamu, potasiamu, sukari, figo na kazi ya ini. Ini jipya likishika kazi, figo huanza kutoa maji yaliyokuwa yamekwama, na kwa kawaida sodiamu hurudi sawa yenyewe. Aliyeingia na sodiamu ya chini hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na anaweza kuchanganyikiwa zaidi ya wenzake katika siku hizo.

Wewe unamjua mgonjwa wako kuliko mtu yeyote katika wodi ile, tena pengine wewe peke yako ndiye unayeielewa lugha yake. Muuguzi wa India hawezi kujua kwamba Kiswahili chake kimeanza kukokoteka. Zungumza naye kila siku. Muulize majina ya watoto, bei ya kabichi Mgeta, mtu aliyemsindikiza stendi. Ukiona sauti imebadilika, anapaliwa kwa maji, jicho haliendi vizuri, mkono umelegea, au anakutazama bila kujibu, mwite muuguzi hapohapo na umwonyeshe. Sababu inaweza kuwa sodiamu, dawa, sukari au maambukizi. Kazi yako ni kusema kwamba amebadilika. Kutafuta sababu ni kazi yao.

Mkirudi nyumbani

Ini jipya hulindwa kwa dawa zinazotuliza kinga ya mwili ili isilishambulie. Inayotumika sana ni takrolimasi, kwa kawaida kila baada ya saa 12. Zingatia haya:

- Saa zisibadilike. Siku ya kupima kiwango chake, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ikiwa mnapanda treni ya SGR ya alfajiri kwenda Muhimbili, beba dozi mkononi na mpe baada ya damu kutolewa.
- Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo. Agiza nyingine zikiwa zimebaki za wiki mbili, usisubiri ziishe.
- Prednisoloni isiachwe ghafla. Mwili ukiwa umeizoea, kuikatisha huweza kushusha presha, sukari na sodiamu kwa pamoja.
- Usinunue dawa kiholela. Diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo na kuzuia maji. Dawa kama erithromaisini na flukonazo hupandisha takrolimasi hadi kuwa sumu, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha hadi ini likakataliwa.
- Dawa za asili zisitumike, hata zinazosifiwa kusafisha ini. Baadhi huharibu ini, nyingine huvuruga takrolimasi.
- Balungi na madanzi asile wala asinywe juisi yake. Hupandisha takrolimasi. Machungwa ya kawaida na machenza hayana shida hiyo.
- Dafu na ndizi kwa kiasi. Takrolimasi huweza kupandisha potasiamu, na madafu na ndizi zina potasiamu nyingi. Uliza majibu ya kipimo kabla ya kumpa kila siku.
- Aliyeugua homa ya ini B huendelea na dawa ya virusi, kwa mfano tenofova, hata akiwa na ini jipya. Familia nzima ipimwe, na wasio na virusi wachanjwe.

Sodiamu inaweza kushuka tena hata baada ya kupona. Husababishwa na kuharisha, kutapika, sukari kupanda kwa sababu ya dawa, au dawa zenyewe, ikiwemo kotrimoksazoli ambayo wengi hupewa kuzuia maambukizi ya mapafu. Kwa hiyo vipimo vya damu haviachwi kwa sababu mgonjwa ananawiri.

Akiharisha au kutapika, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kuharisha huweza pia kupandisha takrolimasi. Kama hana tena maji tumboni, mpe ORS kidogo kidogo wakati mnajiandaa, ukifuata kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika dawa, usirudie dozi kabla ya kumpigia daktari.

Maji ya kunywa yachemshwe, hata yale ya kijito cha mlimani yanayoonekana masafi. Maziwa ya mbuzi au ng'ombe yachemshwe. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isitibiwe kwa kubahatisha: apimwe malaria na pia maambukizi mengine, na anayeandika dawa mseto aambiwe kwamba huyu amepandikizwa ini.

Kwa mama mwenye mtoto mdogo

Mtoto mchanga akiwa na macho ya manjano baada ya wiki 2, na hasa choo chake kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi na mkojo wa njano iliyokolea, mpeleke hospitali bila kungoja. Njia za nyongo zinaweza kuwa zimeziba. Upo upasuaji uliobuniwa na Dkt. Morio Kasai wa Japani ambao hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60 za maisha. Kumwanika juani hakuzibui njia hizo, na kila wiki inayopita inahesabiwa.

Mtoto chini ya miezi 6 asipewe maji matupu, wala maziwa ya kopo yasizimuliwe ili yadumu. Figo zake ni changa, maji yakizidi sodiamu hushuka na degedege huja haraka.

Mtoto aliyepandikizwa asipewe chanjo yenye virusi hai, kama ya surua-rubela ambayo watoto wengine hupata miezi 9 na 18, au ya homa ya manjano, bila idhini ya daktari wake. Beba barua yake kila uendapo kliniki.

Na usikate tamaa. Mtoto wa kwanza kupandikizwa ini kwa mafanikio nchini India alikuwa na umri wa miezi 20, njia zake za nyongo zikiwa zimeziba. Ilikuwa Delhi, Novemba 1998, na baba yake ndiye aliyempa sehemu ya ini. Mtoto yule alikua, akasoma, akawa daktari.

Nenda hospitali mara moja ukiona

- Degedege, kupoteza fahamu au kuweweseka
- Usemi kukokoteka, kupaliwa, kushindwa kumeza, viungo kulegea
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi
- Kutapika au kuharisha, au kushindwa kumeza dawa za kulinda ini
- Macho kuwa ya manjano tena, mkojo mweusi, choo cheupe
- Kutapika damu au choo cheusi kama lami
- Tumbo kujaa ghafla, au mkojo kupungua sana

Maswali ya kumuuliza daktari

Yaandike kwenye daftari kabla hujaingia, maana ukiwa mbele ya daktari ni rahisi kusahau:

1. Sodiamu yake leo ni ngapi, na ilikuwa ngapi mara ya mwisho?
2. Imeshuka kwa sababu ya maji kuzidi au kwa kupoteza chumvi?
3. Anywe maji kiasi gani kwa siku?
4. Dawa za kukojosha ziendelee, zipungue au zisimame?
5. Tupime tena lini, na wapi karibu na nyumbani?
6. Usiku hali ikibadilika, nimpigie nani?

Na wewe mlezi

Kumuuguza mtu wa ini ni kazi ya miezi, wakati mwingine ya miaka. Mfundishe mtu wa pili nyumbani kupima uzito, kuhesabu maji na kupanga dawa, hata kama ni binti yako wa sekondari au shemeji. Siku utakayougua wewe, mgonjwa asikose dozi. Nakala ya orodha ya dawa na majibu ya mwisho ya maabara ikae mahali ambapo kila mtu anapajua.

Mtu akija na ushauri wa chumvi au dripu, usigombane naye, maana anasema kwa kukupenda. Mwonyeshe mfano wa sufuria ya mchuzi, kisha mwombe akusaidie kitu kimoja: nauli ya kumpeleka mgonjwa akapimwe.